Kabla hujabonyeza kitufe cha HotSync

Mwaka 2004 nilikuwa msimamizi wa data katika utafiti wa kaya mkoani Morogoro, na mezani kwangu palikuwa na vitako viwili, yaani vishikio vya kuunganishia kifaa na kompyuta, vya Palm, kompyuta ndogo za mkononi za enzi hizo: kimoja cha Palm IIIxe, kilichounganishwa na kompyuta kwa waya mnene wa poti ya serial (tundu la zamani la kuunganishia vifaa), na kingine cha Palm m500, cha USB. Wadodosaji waliporudi kutoka vijijini waliweka vifaa vyao kitakoni kwa zamu, wakabonyeza kitufe cha HotSync, yaani cha kusawazisha data za kifaa na za kompyuta, nami nikasubiri mlio wa kumaliza. Ninaandika haya kwa ajili ya yeyote ambaye bado ana Palm yenye kumbukumbu anazozithamini na anataka kuzihamishia kwenye kompyuta.

Usawazishaji unaogoma hauogopeshi, kwa sababu ukigoma, data zako zimebaki zilipokuwa. Wa kuogopwa ni ule unaokubali vizuri huku ukielekea upande usio wake. Dada mmoja alirudi baada ya wiki mbili akiwa na maelezo ya kaya alizozitembelea, akaweka kifaa kitakoni, na skrini ikaonyesha kwamba kazi imekamilika bila kasoro. Alipofungua daftari la kifaa, alikuta maelezo ya siku aliyoondoka ofisini tu. Mimi ndiye niliyekuwa nimekijaza kifaa chake kutoka kwenye kompyuta kabla hajasafiri, nikachagua kompyuta ifute kilichomo kwenye Palm na kuweka cha kwake, kisha nikatia alama kwamba chaguo hilo liwe la kudumu. Ilimbidi arudi nyumba kwa nyumba kuuliza upya, na mpaka leo ninaumia nikikumbuka alivyokuwa akibonyeza kitufe cha kushuka, tena na tena, akitafuta maandishi ambayo hayakuwapo.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, fungua programu ya HotSync Manager kwenye kompyuta, ingia mahali pa kuchagulia namna ya kusawazisha, na upitie programu moja moja: kalenda, anwani, orodha ya kazi, daftari. Kila moja ina chaguo lake: kuoanisha pande zote mbili, kompyuta kufuta Palm, Palm kufuta kompyuta, au kutofanya chochote. Jiulize ni upande gani wenye habari mpya. Kisha nakili folda nzima ya mtumiaji iliyomo ndani ya folda ya Palm kwenye kompyuta na uihifadhi mahali pengine. Kazi hiyo haimalizi dakika mbili, na ningeifanya hata kama nina haraka ya kuwahi basi.

Angalia pia majina. Kila kifaa kinapaswa kuwa na jina lake la mtumiaji, kwa sababu kwa jina hilo kompyuta hutambua data ni za nani. Sisi tulikuwa na vifaa viwili vilivyoitwa jina moja la ofisi, na kalenda zao zikachanganyika hata ikawa vigumu kujua nani anakwenda kijiji gani. Kuona miadi ileile mara mbili, kwa upande mwingine, si lazima iwe ni kosa la majina: ukiibadilisha miadi kwenye Palm na pia kwenye kompyuta kabla ya kusawazisha, HotSync huhifadhi matoleo yote mawili na kuandika hivyo kwenye kumbukumbu zake za kazi (log). Uzoee kuzisoma kumbukumbu hizo; hutaja hata programu iliyokwama.

Kifaa kisipoungana kabisa, anza na uchafu. Vumbi la barabarani hujibana kwenye vijino vya shaba chini ya kifaa, na jasho la mikono huvifanya viwe na rangi ya kijani. Mimi nilitumia pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo, nikasugua taratibu vijino vya kifaa na vile vya kitako, nikaacha vikauke. Hilo peke yake lilitatua matatizo mengi kuliko marekebisho yote niliyowahi kuyafanya kwenye programu.

Kwa kitako cha serial, chunguza kama kuna programu nyingine iliyoishika poti hiyo, hasa ya faksi au modemu, kwa kuwa poti moja haitumiwi na wawili kwa wakati mmoja. Halafu punguza kasi ya poti hadi biti 9,600 kwa sekunde na ujaribu tena. Ikikubali, ipandishe hatua kwa hatua hadi ile ya juu inayotulia. Kwa USB, chomeka waya moja kwa moja kwenye kompyuta badala ya kupitia kigawanyio cha USB (hub), na ujue kwamba Palm haionekani kwenye orodha ya vifaa vya Windows mpaka kitufe kibonyezwe. Wengi huiona orodha tupu na kuifuta draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kukitambua kifaa) ambayo haikuwa na kosa lolote.

Palm ikiganda, bonyeza kitundu cha nyuma kwa ncha ya klipu ya karatasi iliyonyooshwa. Kifaa kitawaka upya na data zitabaki. Usifanye hivyo huku umeshikilia kitufe cha kuwashia, kwani hapo utaulizwa kama unataka kufuta kila kitu. Na kwa kuwa Palm hizi huhifadhi data kwenye RAM, hifadhi inayohitaji umeme muda wote, betri ikiisha kabisa kila kitu hupotea. Kwa IIIxe weka betri mpya mbili za AAA kabla ya kuanza. M500 iache kitakoni ijae kwanza.

Kwenye Windows ya biti 64, Palm Desktop, yaani programu ya Palm ya kwenye kompyuta, haikuja na draiva ya USB. Njia niliyoichagua ni kutunza kompyuta ya zamani yenye Windows XP kwa kazi hii pekee, kuhamishia data humo, kisha kuzitoa kama faili za kawaida ambazo kompyuta yoyote ya leo inaweza kuzifungua.