Nywele za kaburini: zimeoza, zimechakaa au zimelika?

SWALI: Natafsiri ripoti ya watafiti wanaochunguza nywele za makaburi ya kale. Niliandika "nywele imeoza", mhariri akasema ni kuchakaa. Akanifutia pia neno "zimehifadhiwa". Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu yangu, kabla ya kitenzi tuanze na ngeli, ni unywele umeoza, nywele zimeoza. "Nywele imeoza" mtaani tunaisikia kila siku ila kwenye ripoti hapana, tena ripoti ambayo unywele mmoja unaweza kuwekwa chini ya hadubini peke yake.

Kuchakaa sikubaliani nako. Kinachochakaa ni kitu kilichotumika mpaka kikaisha nguvu, nguo, kiatu, gari, sasa nywele zilizolala udongoni nani alizitumia? Kuoza si kosa, tatizo lake ni pana mno, msomaji anapata picha ya nyama inayolainika na kunuka, ambako ndo kuvunda, na nywele haziendi hivyo. Zimejengwa kwa keratini, protini ngumu yenye salfa nyingi, kwa hiyo nyama inaisha zenyewe bado zipo, halafu fangasi wanazitoboa wanaingia ndani pole pole, na pakiwa na wadudu nao wanatafuna. Hapo lugha yetu ina neno zuri sana ambalo watu wanalisahau: kulika. Nywele zimelika. Msomaji anaona kabisa kitu kinapungua kwa kutafunwa.

Kwenye kuhifadhi mhariri ana hoja. Ukisema "zimehifadhiwa" ukaishia hapo, mtu atauliza zimehifadhiwa na nani. Kwa maiti ya Misri iliyokaushwa na kupakwa dawa inafaa kabisa, kuna mikono ya watu pale. Ila zile nywele za Greenland za miaka kama 4,000, ambazo mwaka 2010 wanasayansi walitangaza wamesoma jenomu, yaani taarifa zote za urithi, ya mtu mwenye nywele hizo kutoka humo, hakuna aliyezitunza, ni ardhi yenye barafu tu, hizo zimehifadhika. Au sema zimesalia, mimi nalipenda zaidi.

Na rangi usiichanganye na kuoza. Yule mtu wa Tollund, maiti ya kale iliyofukuliwa kwenye kinamasi Denmark mwaka 1950, nywele zake zipo, ila zimegeuka nyekundu kwa asidi ya kinamasi. Hizo zimebadilika rangi, hazijalika.

Kwa hiyo sentensi yako mimi ningeiandika: "Nywele za kaburi la kwanza zimelika na fangasi, za kaburi la pili zimesalia."