Seva haijafa

Mdogo wangu unayeanza kazi hii ya kutunza mtandao na seva, ile kompyuta kuu inayozihudumia nyingine, kuna sentensi utakayoisikia kuliko salamu: "Seva imekufa." Ataisema mhasibu, ataisema dada wa mapokezi, ataisema bosi kwa simu akiwa kwenye kivuko cha Kamanga, upepo unampigia kelele sikioni. Huu ni mwaka wangu wa 11, mingi nimeimalizia kwenye kiwanda cha samaki hapa Mwanza, na seva zilizokufa kweli hazijazidi vidole vya mkono mmoja. Zilizozikwa zikiwa hai ndizo nyingi, na kadhaa nilizizika mimi mwenyewe.

Jumatatu moja asubuhi kompyuta ya mizani, pale sangara wanapopimwa baada ya kushushwa, iligoma kuiona seva. Malori yamepanga foleni, barafu inayeyuka, kila mtu ananiangalia. Nikaizima seva, nikaiwasha. Bado. Nikaizima tena. Asubuhi nzima ikaisha hivyo, na kila nilipoizima nilikuwa nawakata hata wale waliokuwa wanafanya kazi zao vizuri. Maana walikuwepo, ila mimi sikuuliza. Kompyuta zilizoachwa zinawaka tangu Jumamosi hazikuwa na tatizo lolote. Zilizowashwa asubuhi ile ndizo zilizopotea.

Mwishowe nikakaa kwenye kompyuta ya mizani, nikaandika ipconfig, amri inayoonyesha anwani, yaani namba ya kompyuta kwenye mtandao. Mtandao wetu mzima unatumia anwani zinazoanza na 10.20. Pale ikatokea 192.168.1.104. Kaipata kwa nani? Kompyuta ikiwaka huwa inaomba anwani kwa kutangazia mtandao wote, na mara nyingi anayewahi kujibu ndiye anayesikilizwa. Huo ugawaji wa anwani ndio unaitwa DHCP, na kwetu ni kazi ya seva. Siku ile alikuwepo mgawaji mwingine, tena mwepesi wa kujibu. Nikaandika arp -a, nikaipata namba ya MAC ya huyo mgeni, yaani namba ya kifaa chenyewe, nikaingia kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya zote, kutazama namba hiyo inatokea tundu gani. Tundu la 17. Nikaushika waya wa 17 nikaufuata kwa mkono: kutoka kabatini, juu ya dari, ukashuka ofisi ya mauzo, ukapita chini ya meza, ukaishia nyuma ya katoni la maji ya kunywa. Karuta kadogo ka nyumbani, kale ka kugawa intaneti, kanameremeta taa za kijani.

Mwenzetu mmoja alikaleta ili Wi-Fi imfikie. Sikuwa na ubavu wa kumgombeza, kwa sababu Wi-Fi kweli haikuwa inafika kwenye kona ile na alishaniambia mara mbili. Halafu swichi yetu ilikuwa na uwezo wa kukataa majibu ya DHCP yanayotoka tundu lisiloruhusiwa. Ulikuwemo tangu siku tuliyoinunua. Sikuwahi kuuwasha.

Tangu hapo naanzia chini, hata kama bosi amesimama nyuma yangu. Umeme upo? Waya umekaa? Anwani ni ya kwetu? Ruta inaitika ukiipigia ping, yaani ukiiita kuona kama inajibu? Namba ya nje, tuseme 8.8.8.8, inaitika? Kama namba inaitika lakini jina la tovuti halifunguki, tatizo liko kwenye DNS, yaani pale majina yanapogeuzwa kuwa namba. Seva naigusa baada ya hayo yote. Na kabla ya hayo yote nauliza maswali mawili: nani bado anapata, na nini kimebadilika tangu jana. Wakati mwingine jibu liko mbali kabisa na wewe. Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu kwenye nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilitikisa intaneti nchi nzima, na bila shaka wapo waliokuwa wanazima na kuwasha ruta zao bure.

Kuhusu waya: vitabu vitakwambia waya wa shaba wa mtandao usizidi mita 100, nawe utatazama jengo la pili ukasema si lile pale, mita 70 tu. Hapa kwetu jiwe halitobolewi, linazungukwa. Sisi tulizunguka jiwe moja lenye ukubwa wa nyumba, waya ukafika mita 118. Ulifanya kazi. Ubaya wake ndio huo, ulifanya kazi siku ya kukabidhi, kisha ukawa unakatika na kurudi kwa miezi. Tukaweka nyuzi za kioo, yaani faiba, na ningekuwa na uwezo ningepiga marufuku shaba kati ya jengo na jengo. Sababu nyingine ni radi. Ukanda huu wa ziwa ni kati ya sehemu zinazopigwa sana na radi duniani, hasa usiku, na miamba ya itale haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo kuupata waya wa ardhi unaofanya kazi ni shughuli. Faiba haiingizi umeme wa radi ndani ya swichi. Shaba inauingiza mpaka chumbani.

Na dirisha la chumba cha seva lifungwe. Wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi hufuata taa, na nimewahi kufungua seva nikakuta feni imevaa tope la wadudu, kavu kama dagaa.

Sasa suala la saa, ambalo chuoni hawakulisema. Mlinzi wetu wa usiku ni mzee wa Kisukuma. Usimkimbilie na maswali, sema kwanza "Mwangaluka", mpe nafasi aitikie. Kisha uliza umeme ulikatika saa ngapi. Siku moja alinijibu, "Saa tano, ukarudi saa tisa." Kijana niliyekuwa namfundisha akafungua kumbukumbu za seva akatafuta 05:00 na 09:00, hakuona kitu, akaniambia babu amechanganyikiwa. Babu hakuchanganyikiwa. Saa tano usiku ni 23:00, na seva yetu imewekwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, nyuma yetu kwa saa 3, kwa hiyo ni 20:00. Kumbukumbu zilikoma 20:25 na kuanza tena 00:02. Pale tukajua pia kwamba UPS, ile betri inayoshikilia seva umeme ukikatika, ilishikilia dakika 25 tu, wakati ilipokuwa mpya ilifika karibu saa nzima. Betri tukaagiza wiki ile ile, kwa neno la mlinzi.

Kijana yuleyule nilimwambia aweke kazi ya nakala rudufu ianze saa nane usiku. Kwenye crontab, ratiba ya kazi za seva, akaandika 8. Seva ikaelewa 08:00 ya UTC, ambayo kwetu ni saa tano asubuhi, mizani inachemka, mtandao ukawa mzito kama uji wa jana. Alitakiwa kuandika 23. Kosa ni langu, nilisema kwa mdomo badala ya kuandika.

Andika, basi. Daftari la karatasi, lisilozimika umeme ukikatika: kila tundu linaenda wapi, kila anwani ni ya nani, umebadilisha nini, lini, kwa nini. Nenosiri usiliandike humo.

Nakala rudufu ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ilale nje ya jengo. Diski mbili zinazoandika kitu kimoja ndani ya seva hazihesabiki kama nakala, maana ukifuta faili linafutika kotekote. Mimi niliwahi kukuta mafaili ya nakala ya miezi miwili, majina na tarehe zimepangika vizuri, kila moja lina baiti 0, yaani tupu. Diski ilikuwa imejaa na hakuna aliyeandika df -h, amri inayoonyesha nafasi iliyobaki. Siku hizi kila Ijumaa jioni nachagua faili moja bila mpango, nalirudisha kwenye kompyuta nyingine, nalifungua, nalisoma. Ijumaa iliyopita ilikuwa orodha ya vipimo vya sangara vya mwezi Machi. Ilifunguka.