Paka mgeni kaingia, mwenyeji kakosa raha

Meseji za mwezi huu karibu zote zina kilio kimoja, paka wawili wasioivana. Nadhani baridi imechangia. Juni na Julai huku kwetu kila paka anataka kulala mahali palepale penye joto, na nyumba nyingi zina mahali pamoja tu pa aina hiyo.

Shikamoo daktari. Nina paka jike wa miaka minne, mwoga tangu mdogo, hata geti likigongwa anajificha. Nimechukua mwingine kwa shangazi Tengeru, nikamwachia sebuleni ili wazoeane. Sasa yule wa kwanza hatoki chini ya kitanda, na tangu juzi hajala. (Msomaji, Njiro)

Marahaba mwanangu. Tuanze na chakula, maana hicho hakingoji. Paka mzima akikaa siku mbili bila kula kabisa, ini lake linaweza kuanza kujaa mafuta, hasa akiwa mnene. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo.

Akishaanza kula, rudi mwanzo kabisa. Kumchukua mgeni si tatizo, tatizo ni kumwachia sebuleni siku ya kwanza. Paka hana desturi ya kukaribisha wageni. Anachojua ni kwamba eneo lake limeingiliwa na harufu asiyoifahamu. Mpe mgeni chumba chake na ufunge mlango. Humo awe na maji, chakula, beseni la choo na boksi la kujifichia. Mwenyeji abaki na nyumba yote iliyosalia, na usimvute kutoka chini ya kitanda. Atatoka mwenyewe usiku mkiwa mmelala.

Wajuane kwa pua kabla ya macho. Mpanguse mgeni mashavuni kwa kitambaa safi, hapo ndipo penye tezi za harufu, kisha kiweke sakafuni upande wa mwenyeji. Usikiweke pale anapolala. Akikinusa na kwenda zake, vizuri. Aking'aka, kiache hapohapo na usimkaripie. Baada ya siku chache wabadilishane vyumba kwa muda, bila kukutana. Halafu uwalishe wakati mmoja, kila mtu upande wake wa mlango. Bakuli zianzie mbali, uzisogeze kidogo kidogo kadiri wanavyokula kwa utulivu. Mmoja akiacha kula na kuukodolea mlango, umeharakisha. Rudisha bakuli nyuma.

Ndipo ufungue mlango kidogo, kwa dakika chache, chakula kikiwepo. Masikio yaliyolala nyuma na mkia uliotutumka kila mtu anavitambua. Wengi hawaoni ile dalili isiyo na kelele: paka aliyekaa katikati ya mlango akimkazia mwenzake macho. Mara nyingi huyo ndiye mchokozi, na yule anayepiga kelele ndiye anayeogopa. Mkatishe kwa kuweka kipande cha kadibodi kati yao. Jipe wiki kadhaa. Kwa paka mwoga inaweza kufika miezi.

Mimi napanga chumba kimoja. Hicho chumba cha mgeni nakitoa wapi? (Msomaji, Sakina)

Swali la haki kabisa. Kama mgeni hajafika, ushauri wangu ni usimlete. Kama ameshafika, mtafute ndugu au jirani wa kumhifadhi kwa siku za mwanzo huku mkibadilishana vitambaa. Ikishindikana, fundi anaweza kukutengenezea kizimba cha mbao na wavu, kipana kiasi cha kubeba beseni na sehemu ya kulala, nawe ukifunike nusu kwa khanga ili aliye ndani asitazamwe muda wote. Wapokezane kukaa humo.

Kisha tumia kuta. Paka huhesabu nafasi kwenda juu pia. Rafu mbili imara na njia ya kufika juu ya kabati zitampa mwoga mahali pa kukaa na kuona kila kitu bila kupitiwa. Sehemu za kujificha ziwe na matundu mawili, asije akazibiwa njia ya kutokea.

Tangu paka wa pili aje, dume langu la zamani linakojoa kwenye godoro. Nimelichapa, bado. (Msomaji, Majengo, Moshi)

Acha kuchapa, unamwongezea hofu, na hofu ndiyo inayomkojoza. Kwanza hakikisha si ugonjwa. Dume anayejikamua mara kwa mara huku mkojo hautoki, au unatoka matone, anaweza kuwa ameziba njia. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo usingoje kesho.

Kama ni mzima, angalia mabeseni. Paka wawili wanahitaji matatu, yakiwa sehemu tofauti. Ukiyapanga matatu kwenye kona moja, mbabe mmoja anayalinda yote. Mchanga mkavu au maranda ya mbao yanatosha, ukizoa uchafu kila siku. Bakuli za chakula nazo zitenganishwe. Godoro lioshe kwa sabuni na siki, usitumie chochote kinachonuka amonia, harufu kali kama ya mkojo, kitamrudisha palepale.

Mume wangu anasema kumhasi paka ni ukatili. (Msomaji, Pasua, Moshi)

Mwambie shemeji aje aone majipu ninayoyapasua. Madume wasiohasiwa hurusha mkojo ukutani na kung'atana, na jeraha la jino la paka hujifunga juu huku likitunga usaha chini ya ngozi. Kuhasi hufanywa kwa dawa ya usingizi, kuanzia miezi minne hadi sita, na jike hufungwa kizazi vilevile. Siku hiyohiyo uliza chanjo ya kichaa cha mbwa, paka naye huugua. Uking'atwa wewe katika kuwaamua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali.

Nimeambiwa nusu ya Panadol humtuliza paka mwenye hofu. Kweli? (Msomaji, Usa River)

Hapana. Hata kipande kidogo kinaweza kumuua. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo. Kama umeshampa, wahi kwa daktari sasa hivi.

Miezi mitatu imepita. Hawapigani tena, lakini hata kulala pamoja hawataki. Nifanye nini? (Msomaji, Rau, Moshi)

Usifanye kitu. Kama kila mmoja anakula, anafika chooni bila kuviziwa na analala usingizi wa kweli, kazi umemaliza. Wengine huishi hivyo hadi uzee, mmoja dirishani, mwingine jikoni. Mmoja akianza tena kujificha au kukonda, niandikie, tufikirie kumtafutia nyumba nyingine.