Mashine yangu haina mfano, mbona hataza imekataliwa?

Swali: Nina karakana Mafinga. Nimetengeneza mashine ya kupukuchua mahindi ambayo feni yake hupuliza ndani ya pipa lenyewe; hata punje zinazopasuka zimepungua. Mkaguzi amekataa ombi la hataza (haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasiutumie uvumbuzi wake) akisema fundi yeyote angeunganisha waraka uliokwisha kuchapishwa wa pipa la kupukuchulia na ule wa feni ya kupepetea mpunga. Kwenye rufaa niambatanishe barua za wakulima kwamba hawajawahi kuiona mashine kama hii?

Jibu: Barua hizo ziache, ndugu yangu. Rufaa ninazoletewa Nyanda za Juu Kusini karibu zote zimesimama juu ya hoja hiyo, na inaniuma kuona mafundi wenye vipaji wakishindwa kwa ajili yake. Mkaguzi hajasema mashine yako ilikuwapo. Upya ni mtihani wa kwanza. Wa pili unauliza: siku ulipowasilisha ombi, fundi wa kawaida mwenye nyaraka zote mbili mezani angekuwa na sababu gani ya kuziunganisha, na angetarajia matokeo uliyoyapata?

Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi mbili siku moja. Graham, aliyeboresha jembe la ardhi yenye mawe, alishindwa: vipande vilivyojulikana vilipangwa upya tu. Adams alishinda na betri yake ya kutiwa maji. Viambato vyake navyo vilijulikana, ila maarifa ya wakati ule yalimwelekeza mtu aviepuke, na wataalamu hawakuamini kwamba ingefanya kazi. Hukumu hizo haziifungi BRELA, wakala wa Tanzania unaosajili hataza, wala ARIPO, shirika la Afrika la miliki ubunifu, lakini swali ni lilelile.

Sasa tazama ulichokigusia juujuu: punje zinazopasuka zimepungua. Rufaa yako iko hapo! Ikiwa waraka wa mpunga unazungumzia kuondoa makapi tu, mkaguzi aonyeshe ni wapi fundi angejifunza kwamba upepo ndani ya pipa huokoa punje. Asikutazame kwa macho ya mtu aliyekwisha kuiona mashine yako. Nawe pukuchua mahindi ya shamba moja, yenye unyevu uleule, kwa pipa la zamani na kwa lako, kisha upime.

Na jihadharini na vishoka. Wanawauzia watu barua zenye mihuri ya kijiji na picha za Nanenane, huku siku za rufaa zikiyoyoma. Wabaya zaidi huahidi "kulitia nguvu" ombi kwa kuchomeka sehemu mpya katika maelezo. Jambo ambalo halikuwamo siku ya kuwasilisha haliruhusiwi kuongezwa, na kulichomeka kunaweza kuliua ombi zima. Kabla ya kumlipa yeyote, mwambie akuonyeshe kwa kidole mstari wa ombi lako la awali atakaousimamia. Akibabaika, chukua faili lako uondoke.