Polisi wamechukua pesa za gari, na kaka hajashtakiwa

Pole sana, dada. Unasema kaka yako alisimamishwa barabarani huko Marekani, polisi wakachukua dola 9,000 alizobeba kununulia gari, wakamwacha aende bila shtaka. Inauma, lakini sheria yao inaruhusu: kesi ya madai hufunguliwa dhidi ya mali yenyewe, si dhidi ya mwenyewe. Ndiyo maana kusubiri ashtakiwe kwanza ni kosa kubwa.

Aangalie sanduku la barua kila siku. Kama mali imeingia mikononi mwa serikali kuu, atatumiwa notisi, na tarehe ya mwisho ya kudai huandikwa humo humo; kwa kawaida ni siku 35 tangu barua itumwe. Ikipita, pesa zimekwenda bila jaji kuziona.

Hapa naomba msome polepole. Notisi huwa na njia mbili: dai, na ombi la kurudishiwa kwa huruma. Ombi linaonekana jepesi, ila anayeliamua ni idara hiyo hiyo ya serikali. Dai hutolewa kwa kiapo, na likishafika, serikali ina siku 90 kufungua kesi au kurudisha. Mimi ningechagua dai.

Akusanye taarifa za benki, hati za mshahara, meseji alizoandikiana na muuza gari. Karatasi aliyopewa pale barabarani aipige picha leo.

Wakili wa bure hapewi kwa kesi ya fedha taslimu, ila akishinda katika mahakama ya serikali kuu, gharama za wakili hulipwa na serikali. Majimbo yana taratibu zao. Jimbo la New Mexico lilifuta utaratibu huu wa kesi ya madai dhidi ya mali mwaka 2015. Alisimamishwa jimbo gani?