Kibandiko cha Diapa Kinachoachia

SWALI: Tunatengeneza diapa hapa Baba Dogo, Nairobi. Kibandiko cha kiunoni, kile cha kulabu na vitanzi, hushika mara ya kwanza, lakini kikifunguliwa na kufungwa tena kinaachia. Tuongeze gundi?

JIBU: Hapana, msiongeze! Kibandiko cha aina hii hakinati kwa gundi. Kulabu ndogo za plastiki hunasa vitanzi vya kitambaa cha mbele. Fungueni kimoja, mtazame kulabu kwa kioo cha kukuza. Zikijaa manyoya, nyuzi za kitambaa hazikuunganishwa vya kutosha na zinang'oka: badilisheni roli ya kitambaa hicho. Zikiwa safi, guseni vitanzi. Vikiwa vigumu, gundi ya moto inayobandika kitambaa hicho kwenye diapa imepenya kutoka chini. Punguzeni kiasi au joto kidogo kidogo. Vumbi la nyuzi za kujazia diapa nalo huziba kulabu. Kila roli mpya, jaribuni sampuli kwa kufungua na kufunga mara 5, mkivuta juu, kisha kando.