Kava la kukinga upepo kwa pikipiki ya safari ndefu

Swali: Pikipiki yangu ya safari ndefu haikuja na kava la mbele, na baada ya saa chache barabarani upepo hunichosha kifua na shingo. Ninunue kava la aina gani?

Jibu: Uchovu huo si ajabu, kwani mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya upepo huwa mara 4. Ninalolisisitiza kuliko yote ni mahali kava linapofungwa: lile linaloshikwa na fremu haliulemei usukani, ilhali lile linalofungwa kwenye usukani hugeuka pamoja nao na, likiwa kubwa, huweza kuutikisa katika mwendo wa kasi au upepo wa ubavuni. Kwa safari zako ningechagua la fremu, hata kama kulifunga kuna kazi zaidi. Urefu wa kioo upimwe ukiwa umeketi, ukingo wake wa juu ufike usawa wa pua, ili utazame juu yake wala si kupitia kwake, hasa usiku wa mvua. Kioo cha plastiki ya polikaboneti hustahimili kokoto kuliko cha plastiki ya akriliki, lakini usikisafishe kwa petroli. Ukishalifunga, geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, uone kama kuna waya unaovutwa.